Mwanafunzi Asome kwa Macho Yake

Kitabu ni mali ya aliyekiandika mpaka siku kitokapo mkononi mwake. Tangu siku hiyo huwa amana ya kila akisomaye. Hivyo ndivyo ipasavyo kuwa. Walakini katika madarasa mengi ya vyuo vikuu, na madarasa ya fasihi ya Marekani yamo, mambo huenda kinyume. Mwanafunzi hupewa riwaya kwa mkono wa kulia na maelezo ya riwaya kwa mkono wa kushoto. Na kwa kuwa riwaya ni ndefu na maelezo ni mafupi, husoma maelezo. Siku ya mtihani huyaandika aliyoyasoma. Mtahini huridhika, maana ayaonayo katika karatasi ni maneno yake mwenyewe yaliyomrudia kama mwangwi. Mwanafunzi hupata alama nzuri, na mwalimu hupata sifa ya kufundisha vema. Kitabu peke yake ndicho kipatacho hasara, kwa sababu hapana aliyekisoma.

Ikitokea mwanafunzi mmoja akathubutu kuandika aliyoyaona yeye, mahali alipopotea, neno lililomchoma na tabia iliyomshangaza, wino mwekundu humwandama. Huambiwa kuwa maoni yake hayakuombwa. Huambiwa kuwa neno "mimi" halina nafasi katika elimu, na kwamba wakubwa wamekwisha kusema yote yapasayo kusemwa juu ya kitabu kile. Mwaka wa pili haandiki tena aliyoyaona; na mwaka wa tatu haoni tena kitu cha kuandika.

Mazoea haya yanastahili kupingwa bila haya. Mawazo ya mwanafunzi juu ya kitabu alichokisoma mwenyewe, makosa yake yakiwamo, ndiyo mwanzo wa elimu ya fasihi, wala si aibu ya kufichwa. Lakini mawazo hayo yana deni, na deni hilo hulipwa kwa njia moja tu: kurudi kitabuni. Anayekataa sehemu ya kwanza ya dai hili humfanya mwanafunzi kuwa kasuku. Anayekataa sehemu ya pili humfanya kuwa mpiga porojo. Wote wawili huiharibu elimu, ijapokuwa kila mmoja humlaumu mwenzake.

Mazoea yenyewe si mapya. Mwaka 1958, katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, Clifton Hillegass alianza kuchapisha vijitabu vya muhtasari vilivyokuja kujulikana kwa jina la CliffsNotes. Vya kwanza vilihusu tamthilia za Shakespeare. Baadaye vikaenea mpaka kwenye riwaya kubwa za Marekani. Leo muhtasari hupatikana katika intaneti bila malipo, na programu za akili mnemba humwandikia mwanafunzi insha nzima kabla chai yake haijapoa. Lakini si haki kumlaumu muuza muhtasari peke yake. Muuzaji huuza kinunuliwacho, na kinunuliwacho ni kile ambacho mtihani hukilipa. Mtahini atakaye jibu moja lililokwisha kuandikwa, asishangae akiletewa majibu hamsini yaliyofanana kama mapacha.

Hoja isiyo na mfano haishikiki. Fasihi ya Marekani ina hadithi moja ambayo ni kama ilitungwa makusudi kuamua kesi hii. Herman Melville aliitoa hadithi yake Benito Cereno katika jarida la Putnam's Monthly kwa sehemu tatu, mwezi wa Oktoba, Novemba na Desemba, mwaka 1855. Mwaka uliofuata ikaingia katika kitabu chake The Piazza Tales. Wakati huo utumwa ulikuwa halali katika majimbo ya kusini ya Marekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa havijaanza. Vilianza mwaka 1861.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1799. Nahodha Amasa Delano, mtu wa Duxbury katika jimbo la Massachusetts, ametia nanga penye kisiwa cha Santa Maria, pwani ya Chile. Asubuhi yenye ukungu aiona merikebu ngeni ikiingia, haina bendera, nayo yaenda kwa kuyumbayumba. Ni merikebu ya Wahispania, jina lake San Dominick, imechukua watumwa Waafrika. Delano, mtu mwema na mwepesi wa kuamini, ashuka katika mashua yake na kwenda kuwasaidia, samaki wakiwa kikapuni.

Akipanda juu amkuta nahodha kijana, Don Benito Cereno, mgonjwa asiye na nguvu, ameegemea bega la mtumwa wake Babo. Aelezwa kuwa tufani na maradhi vimewamaliza mabaharia. Aona wazee wanne weusi wameketi mahali pa juu wakichambua kamba kuukuu kwa ajili ya kalafati, na watu wengine sita wakisugua vishoka. Amwona Atufal, mtu wa miraba minne aliyekuwa mfalme kwao, akiletwa kila baada ya saa mbili katika minyororo ili aombe radhi. Naye haombi, na ufunguo wa kufuli yake waning'inia shingoni mwa Don Benito. Aona kijana mweusi akimpiga kwa kisu kijana wa Kihispania, na nahodha asiseme neno. Baharia mzee amtupia fundo la kamba na kumhimiza alifungue upesi. Delano alishika, asijue la kulifanya, mpaka mtu mwingine alichukue na kulitupa baharini. Kisha Babo amnyoa bwana wake, amemfunika kifuani kwa bendera ya Hispania kama kwamba ni kitambaa cha kinyozi, na wembe wamkata kidogo Delano aulizapo habari za safari.

Wahenga wamesema, mwenye macho haambiwi tazama. Delano ana macho, nayo yaona yote. Asichokuwa nacho ni nafasi akilini mwake ya kuyaweka ayaonayo. Aamini kuwa Mwafrika ni kiumbe mpole, mpenda kutumika, asiyeweza kupanga jambo kubwa. Shaka imjiapo humwangukia Mhispania; na akifikiri kuwa huenda watu weusi wameshirikiana naye, huitupa fikira hiyo kwa kuwaona wajinga mno. Afikia hata kutaka kumnunua Babo kwa sarafu 50 za dhahabu, kwa jinsi alivyopendezwa na utumishi wake. Mwisho, mashua ikitaka kuondoka, Don Benito ajirusha ndani yake, na Babo amfuata na jambia mkononi. Hapo ndipo utando umtokapo Delano machoni. Watumwa walikwisha kuasi zamani na kuitwaa merikebu, wakimtaka nahodha awarudishe Senegal. Mtumishi mwaminifu ndiye aliyekuwa akitawala, na bwana ndiye aliyekuwa mfungwa.

Sasa na wafikiriwe wanafunzi wawili. Wa kwanza alisoma muhtasari kabla ya hadithi. Ajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba watumwa wameasi. Vishoka avielewa, ufunguo auelewa, wembe auelewa. Amcheka Delano tangu mwanzo mpaka mwisho, na atoka hadithini na fahari ya mtu aliyefumbua kitendawili baada ya kunong'onezewa jibu. Wa pili hakunong'onezewa kitu. Alikwenda na Delano katika mashua ileile. Alimwonea huruma Don Benito, kisha akamchukia kwa kiburi chake. Na pengine, hilo ndilo zito kulikiri, alipendezwa na uaminifu wa Babo. Alipofika pale Babo anapochomoa jambia alishtuka, akaona haya, akarudi mwanzo kutafuta ni wapi alipodanganywa. Akaona kuwa hakudanganywa na mtu. Dalili zote zilikuwa mbele yake. Yeye ndiye aliyezisoma kwa dhana ya Delano, maana dhana ile ilikuwamo hata ndani yake, na hakuwa na habari nayo.

Yupi kati ya hawa wawili aliyejifunza? Wa kwanza anajua habari za hadithi. Wa pili anajua habari za hadithi, na zaidi ya hayo anajua jambo juu ya akili ya msomaji. Melville alitega mtego, na windo lake ni msomaji. Mtu aonyeshwaye mtego mapema hupita salama, lakini hatajua kamwe mguu wake ungekanyaga wapi. Kwa hiyo mwanafunzi wa pili akiandika, "Mimi nilimwamini Babo mpaka mwisho, na sentensi zilizoniaminisha ni hizi," karatasi yake ina ushahidi ambao karatasi ya mwenziwe haiwezi kuwa nao. Kuikata karatasi hiyo kwa wino mwekundu kwa sababu ya neno "mimi" ni kuutupa ushahidi na kuhifadhi uvumi.

Wanazuoni watapinga, nao wana silaha. Mwaka 1946 W. K. Wimsatt na Monroe C. Beardsley walitoa makala mashuhuri ya kuonya kwamba shairi lisihukumiwe kwa nia ya mtunzi; na mwaka 1949 wakatoa nyingine ya kuonya kwamba lisihukumiwe kwa athari yake moyoni mwa msomaji. Machozi ya msomaji, kwa maoni yao, hayathibitishi ubora wa shairi, wala miayo yake haithibitishi ubaya. Hoja hii ina uzito, na ilifanya kazi njema. Iliwanyamazisha watu waliodhani kuwa kusema "nimeguswa" ni kuhakiki. Lakini wafuasi waliokuja nyuma waliigeuza tahadhari kuwa marufuku. Tahadhari husema: usiishie moyoni mwako. Marufuku husema: usianzie huko. Tofauti yake ni kubwa. Anayeonja mchuzi na kusema chumvi imezidi hatoi habari za ulimi wake tu; atoa habari za mchuzi pia, na mwenye shaka aweza kuonja. Vivyo hivyo msomaji anayeeleza jinsi sentensi fulani ilivyompoteza, na kuionyesha sentensi yenyewe, atoa habari ambazo mwingine aweza kwenda kuzipima.

Tena Marekani yenyewe haikukosa sauti ya kusema hivyo. Mwaka 1938, miaka 11 kabla ya ile makala ya pili, Louise Rosenblatt alitoa kitabu chake Literature as Exploration. Dai lake lilikuwa kwamba maana ya kitabu haimo katika karatasi peke yake wala katika kichwa cha msomaji peke yake. Hutokea wawili hao wakutanapo, na mwalimu mwema huanza na mkutano huo, kisha humsaidia mwanafunzi kuuchunguza. Zaidi ya miaka themanini imepita. Maneno hayo husifiwa katika vyuo vya ualimu, na kusahauliwa katika vyumba vya mitihani.

Watasema vilevile kuwa wanafunzi hukosea, na watamtaja I. A. Richards. Ni kweli kwamba huko Cambridge, Uingereza, Richards aliwapa wanafunzi mashairi bila majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao. Na kitabu alichokitoa mwaka 1929, Practical Criticism, kilionyesha jinsi wasomaji waliosoma sana wanavyopotea. Lakini fundisho la kitabu hicho hutolewa kinyume. Richards hakuyachoma maoni yale. Aliyachapisha na kuyachunguza, akaonyesha aina za makosa na asili zake. Lau wanafunzi wale wangaliandika maneno ya kuazima, kitabu kile kisingalikuwapo. Kosa lililosemwa kwa uaminifu lilikuwa na faida kuliko ukweli ulioazimwa.

Sasa yafaa kugeukia upande wa pili, maana wako wengine ambao huenda wamekuwa wakishangilia mpaka hapa, nao hawastahili kushangilia. Hawa ni wale wasemao kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kwamba kila tafsiri ni sawa na nyingine, na mwalimu hana haki ya kumwambia mwanafunzi kuwa amekosea. Fundisho hili lina sura ya upole. Kwa kweli ni dharau. Anayemwambia mwanafunzi "lolote usemalo ni sawa" amwambia kwa maneno mengine kwamba asemalo si kitu.

Hadithi ileile ya Melville ndiyo inayowashinda. Ni nani aliyekuwa na maoni ya nafsi yake kuliko Nahodha Delano? Kila saa ana maoni. Moyo wake hauna hila. Asemayo ndiyo aliyonayo. Lau uaminifu wa moyo ungalitosha, Delano angalikuwa msomaji bora kuliko wote. Lakini aliisoma merikebu nzima kinyume, na kusoma kwake vibaya kulikaribia kumtoa roho. Unyofu wa moyo humwezesha msomaji kuanza, haumhakikishii kufika. Kosa la Delano si kuwa na fikira zake mwenyewe. Kosa lake ni kwamba kila dalili ilipozipinga fikira hizo, aliipinda dalili na kuziacha fikira zimesimama.

Hapo ndipo kipimo kipatikanapo. Tafsiri njema ni ile inayovipa mahali vitu vingi zaidi vilivyomo katika hadithi bila kuvipinda. Atakayedai kuwa Babo alimpenda bwana wake hana budi kueleza wembe, bendera, fundo na vile vishoka. Atakayedai kuwa Babo ni shetani tu, na hadithi ni ya wema kupambana na uovu, hana budi kueleza kwa nini Melville ameweka katika hati ya ushahidi ya baraza la Lima kwamba, merikebu ilipokwisha kutwaliwa, baadhi ya watu weusi waliuawa usiku na mabaharia, hali wamefungwa minyororo sitahani. Na atakayedai kuwa Babo ni shujaa tu, asiye na doa, hana budi kueleza mifupa ya Don Alexandro Aranda, mwenye watumwa, iliyofungwa omoni mwa merikebu mahali pa sanamu na kufunikwa turubali. Kila mmoja wa hawa ana haki ya kuanza alipoanza. Hapana hata mmoja aliye na haki ya kuishia alipoanza kabla hajalipa deni lake.

Wala haifai kudhani kuwa mwalimu hana kazi. Yako mambo ambayo mwanafunzi hawezi kuyapata kwa kukodoa macho. Amasa Delano alikuwa mtu wa kweli. Alichapisha habari za safari zake mwaka 1817, na katika kitabu hicho yamo masimulizi ya merikebu ya Kihispania, Tryal, aliyokutana nayo mwaka 1805. Melville aliyachukua masimulizi hayo na kuyafanya hadithi. Jambo hili lilidhihirishwa na Harold H. Scudder mwaka 1928, miaka 73 baada ya hadithi kutoka. Mwanafunzi ajuaye hayo aona upesi kwamba Melville alibadili tarehe, kutoka 1805 kuwa 1799, na kubadili jina, kutoka Tryal kuwa San Dominick. Mwaka 1799 watu waliokuwa watumwa katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue walikuwa tayari wamesimama kupigania uhuru wao. Mapinduzi yale yalianza mwaka 1791 na kuzaa nchi ya Haiti mwaka 1804. Hiyo ni elimu, nayo yatoka kwa mwalimu na maktaba. Lakini ina wakati wake. Ikitolewa baada ya mwanafunzi kusoma na kusema, humrudisha kitabuni kwa macho mapya. Ikitolewa kabla, humpa sababu ya kutokwenda kabisa.

Historia ya uhakiki wa hadithi hii ni ushahidi mwingine. Mwaka 1941 F. O. Matthiessen, mmoja wa wahakiki wakubwa wa Marekani, katika kitabu chake American Renaissance, alikiri kwamba watu wale walikuwa watumwa waliotendewa uovu kwanza. Lakini aliona kuwa hadithi yenyewe haikulitia hilo katika hesabu yake. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1937, Sterling A. Brown, mshairi mweusi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Howard, alikuwa amekwisha kutoa kitabu kifupi juu ya Mtu Mweusi katika hadithi za Kimarekani. Humo alisema kuwa waasi wale, ingawa ni wakatili, hawakufanywa na Melville kuwa wahalifu wa kuzaliwa. Waliasi kama wanadamu walivyoasi sikuzote. Brown hakuwa na hadithi nyingine, aliisoma ileile. Alichokuwa nacho ni maisha yaliyomfanya asiione taabu ya Babo kuwa jambo la kupitwa haraka. Maisha yake hayakuongeza neno katika ukurasa. Yalimwezesha kuliona lililokuwapo.

Kisha akaja Ralph Ellison. Mwaka 1952 alipotoa riwaya yake Invisible Man, aliweka mbele yake maneno ya Delano karibu na mwisho wa hadithi, pale amwulizapo Don Benito ni kitu gani kilichomtia kivuli hali amekwisha kuokoka. Katika Melville, Don Benito ajibu kuwa ni yule mtu mweusi. Ellison aliliacha jibu. Aliweka swali peke yake, kisha akaandika riwaya nzima ambamo mtu mweusi anena kwa kinywa chake. Profesa gani angethubutu kumwambia Ellison kuwa maoni yake juu ya Melville hayakuombwa? Lakini kabla ya kuwa Ellison wa riwaya ile alikuwa mwanafunzi wa Tuskegee, jimbo la Alabama, kijana msomaji kama wengine. Wanafunzi wa leo wanaokatwa kalamu hawajulikani watakuwa nani.

Na msomaji wa Kiswahili je? Atasomaje kitabu hiki? Wako wanaodhani kuwa, kwa kuwa yu mbali, hana budi kungoja Wamarekani wamwambie. Lakini umbali huo si mkubwa kama udhaniwavyo. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na miaka ileile Melville alipokuwa akiandika, merikebu za Salem, mji wa jimbo lilelile la Massachusetts alikotoka Delano, zilikuwa zikitia nanga Unguja kuuza nguo za pamba na kununua pembe na sandarusi. Nguo hiyo iliingia katika Kiswahili kwa jina la merekani. Na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 18 baada ya hadithi kutoka. Mwanafunzi wa Pwani ajuaye kalafati kwa macho yake, na ajuaye kwamba katika nasaba za watu wa mwambao wamo waliouzwa na waliouza, analo la kuisomea hadithi hii ambalo wengine hawana.

Lakini naye ana deni lilelile. Pengine atataka kusimama upande wa Babo tangu mwanzo, akasahau kujiuliza kama babu wa babu yake alikuwa Babo au alikuwa Aranda. Pengine ataona kuwa utumwa wa Wamarekani ni dhambi ya Wamarekani, na hadithi haimhusu. Akisoma hivyo amekuwa Delano wa namna nyingine: ana macho, na yako mambo ambayo hataki yawe na nafasi. Kusoma fasihi ya ugenini kwa macho ya nyumbani ni haki yake; kuyaacha macho hayo yasiihukumu nyumba yenyewe ni woga.

Basi madai ni machache, nayo hayahitaji fedha. Mwanafunzi asome kazi nzima kabla ya kupewa maelezo yoyote. Aandike kurasa mbili au tatu za fikira zake, akitaja mahali alipoamini, aliposhuku na alipopotea, na kila mara aonyeshe sentensi. Kurasa hizo zisipewe alama kwa usahihi wa jibu, bali kwa uaminifu na kwa ushahidi. Ndipo darasa likutane, wanafunzi wapimane maoni mbele ya kitabu kilichofunguliwa, na mwalimu atoe historia, lugha na maneno ya wahakiki. Kisha kila mmoja arudi na kuandika tena, akieleza ni wapi amebadili nia na kwa sababu gani. Insha ya pili ndiyo ya mtihani. Lakini bila ya kwanza, ya pili haina mzizi. Na katika zote mbili neno "mimi" liruhusiwe, ili ajulikane mwenye kosa na mwenye kulisahihisha.

Watakaosema kuwa kazi hii ni kubwa kwa mwalimu mwenye wanafunzi mia wasema kweli. Ni kubwa. Kusahihisha majibu yaliyofanana ni kazi nyepesi, maana ukisoma moja umeyasoma yote. Lakini mwalimu hakuajiriwa kwa ajili ya wepesi. Kama darasa ni kubwa mno, zipunguzwe hadithi kumi ziwe nne. Hadithi nne zilizosomwa ni nyingi kuliko kumi zilizosimuliwa.

Karibu na mwisho wa hadithi Melville aileta ile hati ya ushahidi, ndefu, yenye maneno ya kiserikali. Hati yaeleza yote, na msomaji mvivu hupumua kwa faraja: jibu limepatikana. Lakini Melville mwenyewe, akiilinganisha hati hiyo na ufunguo, aweka neno "kama". Tena katika hati yote Babo hatoi ushahidi wake mwenyewe. Tangu aliposhikwa hakutamka neno, mpaka akauawa, na kichwa chake kikawekwa juu ya mti katika uwanja wa Lima, kikiwatazama waliomhukumu. Yaliyokuwa ndani ya kichwa kile hati haikuyaandika, na muhtasari hauwezi kuyaandika. Yameachwa kwa msomaji ayatafute. Hadithi imengoja tangu mwaka 1855. Yaweza kungoja siku mbili zaidi, mwanafunzi aisome mwenyewe kabla hajaambiwa maana yake.